Chuo kikuu kinapokuwa mwenye nyumba: kongani ya Stanford ilivyokua

Kila nchi yenye ndoto ya kuwa na Silicon Valley yake, lile bonde la kampuni za teknolojia kule California, huanza na jengo. Kiwanja kinatafutwa, ghorofa la vioo linasimamishwa, waziri anakata utepe, na getini panabandikwa jina lenye neno "ubunifu". Miaka michache baadaye unakuta mle ndani ofisi za serikali, mgahawa na kumbi za semina. Ukiuliza kampuni ziko wapi, unaambiwa ziko njiani.

Nadhani kisa ni kwamba wengi tunaijua kongani ya utafiti kwa sura, hatuijui kwa hesabu zake. Kwa kifupi, kongani ya aina hii ni ardhi ya chuo kikuu inayopangishwa kwa kampuni binafsi ambazo kazi yake inategemea maabara na wataalamu. Chuo kinapata pango, kampuni zinapata ujirani na maprofesa na wanafunzi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayakwambii kwa nini kongani moja imejaa kampuni zaidi ya 150 na nyingine imejaa nyasi. Kwa hiyo twende kwenye ile ambayo karibu wote wameiiga: Stanford Research Park ya Palo Alto, California, iliyoanza mwaka 1951 na ambayo leo ina ukubwa wa ekari 700 hivi.

Mkazi wa Dar es Salaam ameshaijua nusu ya habari hii. Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006, imesimama kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopangishwa kwa mwekezaji kutoka Botswana. Chuo hakikuuza, kilipangisha. Stanford nayo ilifanya hivyohivyo katikati ya miaka ya 1950: ilitoa sehemu ya ardhi yake kwa maduka, na Stanford Shopping Center bado inapokea wateja hadi leo. Miaka hiyohiyo, upande mwingine wa shamba, ilikuwa inawapangisha watu wa elektroniki. Mwenye ardhi ni yuleyule na mantiki ya mkataba ni ileile. Maduka yakabaki kuwa maduka. Upande wa pili ndiko kulikotoka kongani, kwa sababu ya nani aliruhusiwa kuingia na nani alikataliwa.

Shamba lisiloweza kuuzwa

Leland Stanford alikuwa tajiri wa reli, gavana wa zamani wa California, baadaye seneta. Mwaka 1884 mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 15, alifariki kwa homa ya matumbo wakiwa safarini Florence, Italia. Yeye na mkewe Jane wakaamua kuanzisha chuo kwa jina la mtoto. Hati ilitiwa saini mwaka 1885, masomo yakaanza 1891. Chuo kikapewa shamba la farasi la familia pale Palo Alto, zaidi ya ekari 8,000, kwa sharti moja zito: ardhi hiyo isiuzwe.

Kwa nusu karne sharti hilo lilionekana kama mzigo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari waliorudi walifurika vyuoni kwa gharama ya serikali, bei za vitu zilipanda, na Stanford ikajikuta haina fedha za kuwalipa walimu kama zilivyoweza Harvard na MIT kule mashariki. Kilikuwa chuo chenye ardhi ya kutisha na mfuko mwembamba, huku sehemu kubwa ya ardhi yenyewe ikiwa malisho ya ng'ombe. Laiti sharti lisingekuwepo, naamini wangeuza ekari elfu mbili au tatu, wakalipa madeni, wakajenga mabweni, na leo tusingekuwa na cha kuzungumza. Kukosa njia ya kuuza ndiko kulikowasukuma kutafuta njia ya kupangisha.

Kazi hiyo ilimwangukia zaidi meneja wa biashara wa chuo, Alf Brandin, chini ya rais wa chuo Wallace Sterling aliyeingia mwaka 1949. Mwanzoni fikra haikuwa na utukufu wowote. Panahitajika mapato, na viwanda vidogo visivyo na moshi vinahitaji nafasi: basi tuwape ekari chache pembeni. Hata jina la kwanza lilikuwa Stanford Industrial Park. Neno la utafiti lilikuja baadaye.

Mikataba ya awali iliruhusu kupanga hadi miaka 99, na pango likalipwa lote mwanzoni. Hapa panataka kutulia kidogo, kwa sababu ndipo siri ya ukuaji wa mwanzo ilipo, na pia kosa lake. Mpangaji anayepewa miaka 99 anajisikia karibu kuwa mwenye mali: anaweza kwenda benki, akakopa, akajenga maabara yenye mitambo ya gharama bila hofu ya kufukuzwa. Jengo analijenga kwa fedha zake mwenyewe. Chuo hakiweki hata tofali. Chuo nacho kinapokea kitita cha fedha taslimu bila kuvunja sharti la mzee Stanford. Lakini pango lililolipwa lote miaka ya 1950 halipandi tena hata ardhi ikipanda bei mara mia, na ardhi ya Palo Alto ilipanda kweli. Chuo kilipoligundua hilo, mikataba iliyofuata ilifupishwa hadi karibu nusu ya muda ule.

Ziko pia kodi. Ardhi ya chuo inayotumika kwa masomo husamehewa kodi ya majengo na ardhi California, lakini ile inayotumika kibiashara hailindwi na msamaha huo. Mji wa Palo Alto uliuingiza mradi ndani ya mipaka yake, ukawa unauza umeme na maji kwa wapangaji, na serikali za mitaa pamoja na shule zikapata kodi. Hivyo upinzani wa majirani, ambao ulikuwepo, ulikutana na bajeti ya mji iliyokuwa inanenepa. Anayepanga mradi wa namna hii bila kumfikiria diwani anajitafutia kesi.

Mpangaji wa kwanza na dola 100

Mpangaji wa kwanza kutia saini, mwaka 1951, alikuwa Varian Associates. Habari yake inafaa kutazamwa kwa karibu, maana inaonyesha kwamba uhusiano ulikuwepo miaka mingi kabla ya kongani.

Russell na Sigurd Varian walikuwa ndugu. Mmoja alikuwa mwanafizikia, mwingine rubani aliyekuwa akirusha ndege Amerika ya Kati, akajua kwa uzoefu jinsi ilivyo hatari kutafuta uwanja usiku au mawinguni. Mwaka 1937 walifika idara ya fizikia ya Stanford na wazo la kifaa cha kuzalisha mawimbi mafupi ya redio ambacho kingeweza kuiona ndege gizani. Chuo hakikuwaajiri. Kiliwapa nafasi ya kutumia maabara, ushirikiano wa profesa William Hansen, na dola 100 kwa mwaka za kununulia vifaa. Kwa upande wake kikadai nusu ya mapato yoyote ambayo yangetokana na hataza zao. Kabla mwaka haujaisha, kifaa hicho, walichokiita klistroni, kilikuwa kinafanya kazi, na rada za vita zikaitumia.

Mwaka 1948 ndugu hao, pamoja na Hansen, mwenzao Edward Ginzton na wengine, walianzisha kampuni yao San Carlos, mji wa karibu. Kwa nini basi wahamie kwenye ardhi ya chuo? Kwa sababu waliowahitaji kila siku walikuwa pale: Ginzton alikuwa profesa Stanford huku ana hisa kwenye kampuni, na vijana waliotaka kuwaajiri walikuwa wanasoma kwake. Walihamia rasmi mwaka 1953. Barabara inayopita pale inaitwa Hansen Way, na kizazi cha kampuni ile, kinachotengeneza mashine za mionzi za kutibu saratani, bado kina makao yake kwenye barabara hiyo. Siku hizi ni mali ya Siemens Healthineers ya Ujerumani.

Kwa hiyo chuo hakikujenga kongani kisha kikaanza kutafuta wavumbuzi. Wavumbuzi walikuwa tayari wametoka tumboni mwake, wakahitaji mahali pa kukaa.

Terman na mlango wenye kitasa

Mtu aliyeigeuza biashara ya pango kuwa sera alikuwa Frederick Terman, mhandisi wa redio. Wakati wa vita aliongoza maabara kubwa ya siri ya redio kule Harvard, akaona jinsi serikali inavyomwaga fedha kwa vyuo vilivyojiandaa, na Stanford haikuwa miongoni mwao. Alirudi mwaka 1946 kuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi, na kuanzia 1955 hadi 1965 akawa msimamizi mkuu wa taaluma wa chuo kizima. Ndiye aliyekuwa amewasukuma wanafunzi wake wawili, William Hewlett na David Packard, kufungua kampuni mwaka 1939 kwenye banda la gari la Addison Avenue. Katikati ya miaka ya 1950 Hewlett-Packard nayo ikaingia kwenye kongani.

Hoja ya Terman ilikuwa nyepesi: kama tunapangisha, tusimpangishe kila mwenye fedha. Apewe nafasi yule ambaye kazi yake inafaidika na chuo, na chuo kinafaidika naye. Kiwanda cha soda kilichokuwa na fedha mkononi kingeweza kukosa nafasi, huku maabara ya elektroniki ikipata. Kwa mwenye ardhi anayedaiwa, kusema "hapana" kwa fedha iliyo mezani ni jambo gumu sana, na hapa ndipo kongani nyingi hushindwa. Zikikaa tupu miaka miwili, mlango hufunguliwa kwa yeyote.

Majengo nayo yaliwekewa masharti. Yawe ya chini, yasiwe na mabomba ya moshi, yarudi nyuma kutoka barabarani, na yazungukwe na nyasi. Wageni waliokuja kutazama walishangaa. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa alipozuru California mwaka 1960 alipelekwa Palo Alto kuiona. Wageni wengi, inaonekana, walirudi makwao na ile picha ya nyasi.

Kisichoonekana kwenye picha ni mpango wa masomo ulioanza mwaka 1954. Kampuni iliweza kumleta mhandisi wake kusoma shahada ya juu huku akiendelea na kazi, na kwa kila mhandisi ikalipa chuo mara mbili ya ada ya kawaida. Mhandisi anatoka maabara ya Varian saa nne, anaingia darasani, saa nane amerudi kazini. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kilichokuwa kiungo chenyewe cha ujirani ule. Profesa anapata darasa la watu wanaojua matatizo halisi, kampuni inawabakiza watu wake, na chuo kinapata fedha. Ujirani usio na utaratibu kama huo huishia kwenye kupeana salamu maegeshoni.

Terman mwenyewe aliketi kwenye bodi za Hewlett-Packard na Varian, yaani kiongozi wa chuo akiwa mkurugenzi wa wapangaji wa chuo chake. Leo ofisi ya maadili ya chuo chochote ingemwita akajieleze. Wakati ule ilionekana ni kuchapa kazi.

Nani alikuwa mteja?

Simulizi za Silicon Valley hupenda kijana na banda la gari. Mteja hutajwa kwa nadra, na mteja wa miaka ya 1950 alikuwa jeshi la Marekani. Vita vya Korea vilianza mwaka 1950, Vita Baridi vikawaka, na zabuni za rada, makombora na vifaa vya kusikiliza adui zikamiminika California. Klistroni za Varian zilienda huko. Lockheed, iliyotengeneza makombora na satelaiti, ilifungua maabara kwenye kongani mwaka 1956. Eastman Kodak na General Electric nazo zilikuwepo.

Kwa maneno mengine, kongani ilikua wakati ambapo mnunuzi mmoja mwenye mfuko usio na mwisho alitaka hasa kile kilichokuwa kinafundishwa ng'ambo ya barabara. Hakuna nyasi wala vioo vinavyoweza kuziba pengo la mnunuzi wa namna hiyo. Ukisoma mpango wowote wa kongani mpya, tafuta ukurasa unaoeleza nani atanunua. Mara nyingi haupo.

Fedha za jeshi zilikuja na gharama zake. Mwezi Mei 1969 wanafunzi waliokuwa wanapinga vita vya Vietnam waliandamana hadi ndani ya kongani, mtaa wa Hanover, kwenye ofisi za taasisi ya utafiti ya Stanford iliyokuwa inafanya kazi za kijeshi. Polisi wakarusha mabomu ya machozi. Mwaka uliofuata chuo kilijitenga na taasisi hiyo, ambayo hadi leo inajiendesha yenyewe kwa jina la SRI.

Na ziko gharama zilizokuwa chini ya nyasi. Viwanda visivyo na moshi vilidhaniwa kuwa safi, lakini kutengeneza vifaa vya elektroniki kunahitaji viyeyushi vya kusafishia, na viyeyushi hivyo vilivuja kutoka kwenye matangi hadi maji ya ardhini. Eneo la Hewlett-Packard la Page Mill Road liliingizwa mwaka 1990 kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya maeneo yanayopaswa kusafishwa kwa kipaumbele. Maji ya chini yakawa yanavutwa na kusafishwa kwa miaka mingi. Kifungu cha mazingira kwenye mkataba wa pango kinaonekana kama porojo za wanasheria hadi siku hiyo ifike.

Wapangaji huondoka

Watu hupima kongani kwa majina yaliyomo. Hilo linaficha kitu. Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, ilifungua hapo kituo chake cha utafiti, PARC, mwaka 1970. Kufikia 1973 kilikuwa na kompyuta ya Alto, yenye kipanya na madirisha kwenye kioo, pamoja na Ethernet, mtandao wa kuunganisha kompyuta. Xerox yenyewe haikujua la kufanya nayo, na Steve Jobs wa Apple alipozuru mwaka 1979 alielewa haraka kuliko wenye mali. Mwaka 2023 Xerox iliitoa PARC kama zawadi kwa SRI, ileile ya mabomu ya machozi.

Facebook ilikaa California Avenue kuanzia 2009, ikakua, ikahamia Menlo Park mwaka 2011. Tesla iliweka makao makuu Deer Creek Road mwaka 2010, ikayahamishia Texas mwaka 2021, kisha mwaka 2023 ikarudi na makao ya uhandisi katika majengo yaliyokuwa ya Hewlett-Packard. Kila mmoja aliyeondoka aliacha pango, na mara nyingi aliacha jengo ambalo hatimaye hurudi mikononi mwa mwenye ardhi. Ndiyo maana kuondoka kwa jina kubwa hakuuangushi mradi wote.

Pale Facebook ilipokuwa, chuo kilibomoa na kujenga nyumba 180 za walimu wake. Kisa ni bei: kongani iliyoletwa ili chuo kiweze kuwalipa maprofesa imechangia kuifanya Palo Alto kuwa mahali ambapo profesa hawezi kununua nyumba. Kazi maelfu kwa maelfu zilikuja, nyumba hazikujengwa kwa kasi hiyo, na wafanyakazi wa usafi na mapishi wanasafiri masaa kufika kazini. Mwenye ardhi anayoimiliki milele anaweza angalau kusahihisha kidogo. Aliyeuza hana la kusahihisha.

Kungoja

Wengine walioiga kwa mafanikio hawakwenda mbio. Kule Cambridge, Uingereza, kamati iliyoongozwa na mwanafizikia Nevill Mott ilipendekeza mwaka 1969 kwamba viwanda vya kisayansi vikaribishwe karibu na chuo. Trinity, kimojawapo cha vyuo vinavyounda Cambridge, chenye ardhi tangu enzi za Mfalme Henry VIII, kikafungua kongani mwaka 1970. Mpangaji wa kwanza, Laser-Scan, aliingia 1973. Miaka mitatu ya geti wazi na hakuna mtu! Trinity iliweza kungoja kwa sababu haikuwa na njaa. North Carolina nako, Research Triangle Park iliyoanzishwa mwaka 1959 katikati ya vyuo vikuu vitatu ilisuasua hadi 1965, pale IBM na taasisi ya serikali ya afya ya mazingira zilipokubali kuja. Wanasiasa wa huko walikuwa wamevumilia miaka sita ya maswali.

Kenya ina njia mbili za kulinganisha. Konza, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, ilizinduliwa Januari 2013 na Rais Kibaki kwenye ekari 5,000: ardhi na barabara kwanza, chuo cha sayansi na teknolojia kifuate. Nyeri imeanza kwa upande wa pili. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilikuwepo, na ndani ya kongani yake ya sayansi kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, inayotengeneza chipu. Ni jambo la kuangaliwa kwamba balozi wa Marekani jijini Nairobi kati ya 2022 na 2024, Meg Whitman, aliwahi kuiongoza Hewlett-Packard, na ofisi yake ilikuwa kwenye ardhi hiyohiyo ya Stanford.

Konza ilianza bila chuo cha kuipa watu, na naona hilo ndilo gumu zaidi, kwa sababu barabara hujengwa kwa miaka miwili lakini idara ya uhandisi inayoheshimika huchukua ishirini. Nyeri ina wanafunzi na ina mpangaji wake wa kwanza. Kwangu mimi wa kutazamwa ni wa pili: atakuja kwa sababu gani, atapewa miaka mingapi, nani atamnunulia, na kama siku atakapokuja tajiri mwenye ghala la kuhifadhi saruji na hundi mkononi, chuo kitamwonyesha njia ya kwenda mjini.